Masika, shimo la msingi na bima ya CAR: maji yakiingia saiti, nani analipa?

SWALI: Msomaji wa Dar es Salaam anaandika: "Najenga jengo la ghorofa tatu Mbezi Beach. Kando yake kutakuwa na tanki la zege la kuzikwa ardhini, mita 5 kwa 4, kina mita 2.5. Mkataba na mkandarasi ni Sh bilioni 1.2, lifti, marumaru na pampu nanunua mwenyewe, kama Sh milioni 300. Tunataka kuanza kuchimba mwishoni mwa Februari. Mkandarasi anasema nisihofu masika, amekata bima ya CAR na maji yamo. Lakini jirani yangu alikuwa na bima hiyohiyo, shimo lake likajaa, na akalipwa kidogo mno. Je, maji yamo kweli? Saiti nifanye nini? Au nisubiri masika yapite?"

JIBU: Ndugu yetu, mkandarasi hajakudanganya, ila amekusomea nusu ya mkataba.

CAR, yaani bima ya hatari zote za mkandarasi, hulipa uharibifu wa ghafla na usiotarajiwa unaoipata kazi iliyokwisha kufanyika na vifaa vilivyopo saiti. Mvua kubwa na mafuriko yamo. Tatizo liko kwenye neno "usiotarajiwa". Mvua ya Aprili Dar es Salaam inatarajiwa na kila mtu, hata muuza mihogo aliye nje ya geti lako. Shimo lililoachwa wazi bila tuta, bila mtaro na bila pampu likijaa maji mwezi huo, kampuni ya bima itauliza ajali iko wapi.

Na kampuni haiachi swali hilo hewani. Mikataba mingi ya CAR katika soko letu hufuata maneno ya kampuni ya Munich Re ya Ujerumani, ambayo ina vipengele vya nyongeza vyenye namba. Tafuta namba 110 katika mkataba wako, au maneno yanayofanana nayo kwa namba nyingine. Kinasema hasara ya mvua na mafuriko italipwa tu ikiwa usanifu na utekelezaji wa mradi, muda wote wa bima, umezingatia mvua na mafuriko ya kiwango kinachotokea kwa wastani mara 1 katika miaka 20 mahali hapo, kwa takwimu za mamlaka ya hali ya hewa. Kinaongeza kwamba hasara iliyotokana na kutoondoa mara moja mchanga, miti au takataka kwenye mifereji ya ndani ya saiti hailipwi, hata kama mfereji ulikuwa mkavu.

Kwa hiyo mtaro wako, pampu yako na daftari la saiti ni sehemu ya bima yako. Huwezi kuwaachia vibarua kimoja na dalali kingine. Hatuna habari za dai la jirani yako, lakini madai ya namna hiyo mara nyingi huvunjikia hapa.

Kabla ya jembe la kwanza

Omba takwimu za mvua kubwa za kituo kilicho karibu nawe kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), umpe mhandisi akokotoe mvua ya miaka 20 ya siku moja na ya saa moja. Karatasi hiyo ibaki kwenye faili. Bila hiyo, siku ya dai mtabishana na mkadiria hasara kwa kukisia, na yeye amezoea mabishano hayo kuliko wewe.

Sasa hesabu yenyewe. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Tuseme shimo lako lote, msingi na tanki, ni mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Mvua ya milimita 60 ndani ya saa moja inamwaga lita 24,000, sawa na lita 400 kwa dakika. Pampu ya petroli ya inchi 3 huandikwa kiasi cha lita 1,000 kwa dakika, lakini hiyo ni pale ambapo hainyanyui maji. Ikivuta kutoka kina cha mita 4 na kusukuma kwenye hosi ndefu iliyopindapinda, hesabu nusu yake au zaidi kidogo. Kwa mvua iliyoangukia shimo tu, itamudu.

Sasa ongeza maji ya nje. Viwanja na barabara vinavyoteremkia kwako vikiwa na mita za mraba 2,000, na nusu ya maji yake ikinywewa na ardhi, bado lita 1,000 nyingine kila dakika zinakuja shimoni. Pampu imeshindwa kabla haijapata moto. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kuyazuia maji ya nje yasiingie. Ya ndani yatavutwa.

Zungushia shimo tuta la udongo mzito ulioshindiliwa, au viroba vya mchanga vilivyopangwa kama tofali, urefu wa sentimita 40 hadi 50, likiwa angalau mita 1 kutoka ukingoni. Lifunike kwa nailoni nzito. Upande wa nje wa tuta chimba mtaro wenye mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, na uhakikishe mwisho wake unafika kwenye mfereji wa umma ambao wenyewe haujaziba. Kisha nenda ukaangalie njia ya malori. Karibu kila saiti huwa na tuta zuri pande tatu, na upande wa nne limekatwa ili lori la kokoto lipite. Maji hayahitaji zaidi ya hapo. Mahali hapo jenga kigongo cha moramu iliyoshindiliwa, lori lipande na kushuka, na viroba vya akiba viwe pembeni.

Udongo uliochimbwa usirundikwe ukingoni. Unalemea ukuta wa shimo, na mvua ikija unarudi ulikotoka.

Kuvuta maji bila kuvuta ardhi

Mbezi Beach, hasa upande wa baharini, kuna mchanga na maji ya ardhini yaliyo juu. Hapo kosa kubwa ni kutupa mdomo wa hosi popote palipo na dimbwi. Maji yanayokimbilia pampu kwa kasi katika mchanga hubeba chembe zake. Unaona pampu inafanya kazi vizuri, kumbe unahamisha ardhi iliyo chini ya ukuta wa jirani.

Chimba shimo la pampu kwenye kona iliyo chini kuliko zote, kina chake kizidi sakafu ya uchimbaji kwa sentimita 60 hivi. Tumbukiza pipa la lita 200 lililotobolewa matundu, livishwe kitambaa cha kuchujia udongo, na lizungushiwe kokoto. Hosi iwe ndani ya pipa. Baada ya dakika chache za mwanzo, kinga ndoo ya maji yanayotoka, iache itulie dakika 10, kisha mwaga polepole. Ukikuta mchanga chini ya ndoo kila unapopima, simamisha na rekebisha kichujio. Mchanga ukiendelea kutoka, mwite mhandisi: huenda unahitaji visima vidogo vya kushusha maji kuzunguka shimo badala ya kuvuta kutoka ndani yake.

Pampu ziwe mbili, na moja iwe ya petroli, kwa sababu umeme una tabia ya kukatika wakati uleule wa radi. Pampu ya inchi 3 hunywa kama lita 1.5 hadi 2 kwa saa. Akiba ya lita 25 inakuvusha usiku. Na awepo mtu anayelala saiti ambaye anajua kuiwasha. Pampu nzima iliyofungiwa stoo, ufunguo ukiwa kwa msimamizi aliyekwama kwenye foleni ya mvua, ni sawa na kutokuwa nayo.

Chini kabisa ya shimo, acha sentimita 15 za mwisho bila kuchimba mpaka siku mnapokuwa tayari kumwaga zege jembamba la kusawazishia. Udongo uliofunuliwa ukalowa hugeuka tope na kupoteza nguvu. Itabidi uutoe na kujaza upya, na gharama hiyo ni vigumu sana kuidai.

Vifaa pia vina kipengele chao, namba 109 katika maneno ya Munich Re: kwa sehemu inayoweza kufikiwa na mafuriko ya miaka 20, hasara ya vifaa hulipwa tu kama vilivyokuwepo hapo havizidi mahitaji ya siku 3. Vingine vikae mahali pa juu. Mifuko ya saruji iwe juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni na 30 kutoka ukutani, isizidi 10 kwenda juu, na iliyotangulia kuingia itangulie kutumika.

Tanki linaloelea

Hapa tunakuomba ukae na mhandisi wako kwa karatasi na kalamu, kwa sababu ndipo penye hatari kubwa kuliko zote katika mradi wako.

Tanki la zege lililo tupu ardhini, likizungukwa na maji, ni mashua. Tuchukue vipimo vyako kuwa vya nje, na unene wa sentimita 20 kila upande. Sakafu ni meta za ujazo 4, kuta kama 7.2, paa 4. Jumla 15.2, na kwa tani 2.4 kila moja tanki zima lina uzito wa tani 36.5 hivi. Maji ya ardhini yakifika usawa wa paa, linasukumwa juu kwa uzito wa maji lililoyasukuma: 5 mara 4 mara 2.5, yaani tani 50. Tani 36.5 haziwezi kukaa chini ya msukumo wa tani 50.

Hali ni mbaya zaidi kabla ya kumwaga paa. Wakati huo sakafu na kuta zina tani 27 tu, na kila sentimita 10 za maji nje husukuma kwa tani 2. Maji yakifika mita 1.35 juu ya sehemu ya chini ya sakafu, tanki linaanza kunyanyuka. Halipandi kwa kishindo. Kona moja inatangulia, mchanga unaingia chini, na maji yakishuka tanki haliwezi kukaa tena mahali pake. Linabaki limeinama na mabomba yamekatika.

Kwa hiyo simamisha bomba la PVC la inchi 4 lenye matundu, lililovishwa kitambaa cha kuchujia, pembeni mwa tanki kabla ya kujaza udongo. Kila asubuhi shusha kamba ya kupimia uandike maji yako wapi. Weka mstari wa hatari kwenye mita 1.2, si 1.35. Yakigusa hapo na pampu haiyashushi, jaza maji ndani ya tanki makusudi, hata kwa boza. Fundi atalalamika kwamba mbao zake zinalowa. Mwache alalamike, mbao hukauka. Njia nyingine ni mhandisi kuacha tundu la bomba sakafuni linaloruhusu maji kuingia yenyewe, likafungwa kitaalamu mwishoni, lakini hilo liamuliwe kwenye mchoro, lisitobolewe saiti.

Sasa angalia hesabu ya tanki lililokamilika: hata lenye paa, likiwa tupu, lina tani 36.5 dhidi ya 50. Siku utakapolisafisha mwezi Mei, litakuwa hatarini vilevile. Kama jengo halikai juu yake, linahitaji uzito au mshiko wa angalau tani 55, ambao hupatikana kwa sakafu nene zaidi au sakafu iliyotokeza nje ya kuta ili udongo uikalie. Muulize mhandisi akuonyeshe hesabu hiyo. Bima hapa haikusaidii: mkataba wa kawaida wa CAR hautoi kitu kwa hasara iliyosababishwa na kosa la usanifu.

Maji ya juu na maji ya bomba

Ukishatoka ardhini, hatari inahama. Zege bichi lisilofunikwa huoshwa saruji yake juu, hivyo nailoni iwe saiti kabla mchanganyiko haujaanza. Matundu ya slabu, ya ngazi na ya mabomba, yazungushiwe ukingo wa saruji wa sentimita 10 ili maji ya ghorofa moja yasishuke yote. Matoleo ya maji ya paa bapa yazibuliwe kila Ijumaa. Chokaa, vipande vya mbao na mifuko ya saruji huyaziba kwa wiki moja tu. Sentimita 10 za maji juu ya paa ni kilo 100 kwa kila mita ya mraba, mzigo ambao mirunda ya chini haikukadiriwa kuubeba.

Hata hivyo katika miezi ya mwisho ya ujenzi maji yanayoumiza zaidi ni ya bomba, kwa kuwa ndipo yanapokuta jipsamu, makabati ya jikoni, waya na lifti. Fikiria jambo hili dogo: fundi anafungua koki ghorofa ya tatu, maji hayatoki kwa sababu ni siku ya mgao, anaondoka bila kuifunga. Saa 8 usiku maji yanarudi. Koki ya nusu inchi iliyo wazi inamwaga lita 10 na zaidi kwa dakika. Mpaka saa 1 asubuhi ni lita 3,000, zimepita kwenye dari tatu na kuishia kwenye shimo la lifti. Dawa yake ni valvu moja baada ya mita, ipakwe rangi nyekundu, mlinzi aifunge kila jioni na kusaini. Boya la tanki la juu nalo lijaribiwe, na bomba la kutolea maji yaliyozidi litoke nje ya jengo.

Viungo vya PPR, yaani mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa kupashwa joto, vinahitaji jicho kali. Mashine iwe imefika nyuzi 260. Bomba la milimita 20 lipashwe sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, lisukumwe moja kwa moja bila kuzungushwa, na liachwe lipoe lenyewe. Fundi mwenye haraka hupasha pungufu. Kiungo cha hivyo hushika kwa presha ya tanki, halafu huachia siku pampu ya kuongeza presha inapowashwa, marumaru zikiwa zimeshawekwa. Ndiyo sababu ya kupima kabla ya plasta, kwa pampu ya mkono, presha mara moja na nusu ya ile itakayotumika, saa 2 bila mshale kushuka. Piga picha ya geji mwanzoni na mwishoni. Bafu nazo zifungwe toleo, zijazwe sentimita 5 za maji, zikae saa 24 kabla ya marumaru.

Kiungo kibovu kikiachia, mkataba unatenganisha: gharama ya kurekebisha kiungo chenyewe hailipwi, kwa kuwa ni ufundi mbovu. Lakini dari na makabati yaliyofanywa sawasawa, yakaharibiwa na ajali iliyotokana na kiungo hicho, yanaingia. Wenye majengo wengi hawajui hili, na huacha dai halali kwa kuambiwa "ni kosa la fundi".

Kusoma jedwali la bima

Muombe mkandarasi nakala nzima ya mkataba, si karatasi ya kwanza tu, na jina lako liwemo kama mwenye bima pamoja naye. Hakiki pia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwamba bima imesajiliwa na ada imelipwa.

Tazama kiasi kilichokatiwa bima. Kinapaswa kuwa thamani kamili ya kazi siku itakapokamilika, pamoja na vitu unavyonunua mwenyewe. Kwako ni bilioni 1.5. Kama mkandarasi amekata bilioni 1.2 ya mkataba wake, mmekata asilimia 80 tu. Hasara ya Sh milioni 50 inahesabiwa kuwa milioni 40. Kisha inatolewa eksesi, sehemu unayobeba mwenyewe, na eksesi ya maji na majanga ya asili kwa kawaida ni kubwa kuliko ya mambo mengine. Mfano ikiwa ni asilimia 10 ya dai, isiyopungua Sh milioni 5, unapokea 35. Huenda jirani yako alipita njia hii.

Angalia kama gharama ya kuondoa kifusi na tope imeandikiwa kiasi chake. Kama mstari huo una sifuri, tope lote ni lako. Gharama ya kuvuta maji ya kila siku usiitegemee. Hiyo ni kazi ya ujenzi, iwe kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi na bei zake. Faini ya kuchelewa na kodi uliyoikosa kwa wapangaji havimo.

Kuhusu kuta za jirani: sehemu ya pili ya CAR hushughulikia madhara kwa wengine, lakini hasara itokanayo na mtikisiko au kudhoofisha mshiko wa ardhi huwa imeondolewa mpaka ununue kipengele cha nyongeza, namba 120. Nacho kinalipa jengo la jirani likianguka lote au sehemu, si nyufa za plasta zisizohatarisha uimara wake, na kinataka ripoti ya hali ya nyumba hizo kabla ya kuanza. Nenda na mhandisi kwa majirani wote wanaopakana na shimo, mpige picha kila ufa, na mwenye nyumba asaini. Nunua kipengele hiki. Kwa shimo la mchanga lililo karibu na ukuta wa mtu, tunaona ni lazima.

Yapo pia mambo matatu yanayoua bima kimyakimya katika ujenzi wetu wa nyumba za watu binafsi. Kazi ikisimama kwa sababu ya fedha, hasara itokanayo na kusimama huko huondolewa, hivyo iarifu kampuni kwa maandishi siku ileile na mkubaliane ulinzi wa kipindi hicho. Muda wa bima ukikaribia kuisha na jengo bado, ongeza kabla ya tarehe, si baada ya mvua. Na ukipangisha fremu za chini wakati juu mafundi wanaendelea, sehemu iliyoanza kutumika imetoka kwenye CAR. Inahitaji bima ya jengo ya kawaida.

Maji yameshaingia

Zima umeme kwanza, wala mtu asishuke shimoni kabla kingo hazijakaguliwa. Piga picha na video zenye tarehe kabla ya kuvuta maji, zikionyesha usawa wa maji dhidi ya kitu kinachopimika, kama nondo au tofali. Halafu vuta, funika, nyanyua vifaa: mkataba unakutaka upunguze hasara, na kusubiri mkaguzi huku maji yakipanda kutahesabiwa juu yako.

Taarifa iende siku hiyohiyo kwa simu na kwa maandishi. Katika maneno ya Munich Re, kampuni isipopokea taarifa ndani ya siku 14 tangu tukio, haiwajibiki kabisa. Madhara madogo unaruhusiwa kuyatengeneza ukishatoa taarifa. Makubwa yasubiri mkaguzi, ila asipofika kwa muda unaofaa unaweza kuendelea. Kitu kilichosababisha, kama kile kiungo cha PPR, kikate na sentimita 20 za bomba kila upande, kifungwe kwenye mfuko wenye tarehe, na kisitupwe mpaka dai lifungwe.

Kinachobeba dai ni daftari la kila siku. Nunua kipimamvua cha plastiki, kifungwe kwenye nguzo palipo wazi, kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, saa ambayo vituo vya hali ya hewa husoma vyao. Andika milimita, usawa wa maji kwenye bomba la PVC, pampu ilifanya kazi saa ngapi, mitaro ilisafishwa na nani, na tahadhari ya TMA kama ilitolewa. Mistari mitano kila siku, na sahihi. Usiiandike yote Jumamosi kwa kalamu moja. Mkadiria hasara anautambua ukurasa wa namna hiyo kwa kuutazama tu.

Mkitofautiana, omba sababu za kukataliwa kwa maandishi zikitaja kipengele. Ukiona hazisimami, peleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO).

Kuhusu kusubiri

Anza na swali moja kwa mkandarasi: sakafu ya tanki, kuta zake, na udongo wa kujazia pembeni vitakuwa vimekamilika tarehe ngapi? Masika ni Machi hadi Mei. Ukianza kuchimba mwishoni mwa Februari, kuta zako zitakuwa bichi na bila paa mvua zikipamba moto, yaani katika zile siku za tani 27. Kwa tanki, jibu letu ni subiri. Usianze Juni mosi pia, kwa kuwa maji ya ardhini hubaki juu wiki kadhaa baada ya mvua kukatika. Tumbukiza kamba kwenye kisima cha jirani, na yakishashuka chini ya sakafu ya tanki, kwa kawaida Julai au Agosti, chimba. Umalize na kufukia kabla ya vuli ya Oktoba.

Msingi wa jengo usio na kina kirefu unaweza kuanza sasa kwa vipande: chimba sehemu inayoweza kumwagwa zege ndani ya wiki, maliza, fukia, songa mbele. Mhandisi athibitishe kwanza kwamba uchimbaji wa tanki wa baadaye hautaudhoofisha msingi uliotangulia, kwa sababu tanki litashuka chini kuliko msingi huo. Kama viko karibu mno, vyote viwili vingoje Julai, na tarehe mpya ya kuanza iandikwe kwenye bima.